Umepima, Umesahihisha, na Besi Bado Inavuma

Hotuba kwa wapenzi wa muziki na mafundi wa sauti, Dar es Salaam

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Ndugu mwenyekiti, asante kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie tatizo ambalo wengi wenu mmelikuta nyumbani. Mtu ananunua spika nzuri, anaziunganisha na kompyuta, anatafuta maiki ya kupimia na programu ya kurekebisha sauti ya chumba. Anapima, programu inapiga hesabu, grafu inatoka imenyooka. Anakaa kusikiliza, na muziki umekuwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Besi imekonda, mwimbaji anaimbia puani, au noti ileile iliyokuwa ikivuma jana bado inavuma leo. Anapima tena, anabadilisha programu, anapima tena. Mwisho anachomoa kila kitu na kuwaambia watu kwamba mambo ya kurekebisha chumba kwa kompyuta ni uongo.

Si uongo. Nasimama hapa kuyatetea, kwa sababu nimeingia kwenye sebule ambazo muziki wa dansi haukusikilizika ndani yake, na baada ya kazi hii watu wakakaa na muziki wao mpaka usiku. Ila natetea kwa sharti moja: kasoro itafutwe kwa mpangilio. Anza kwenye waya, nenda kwenye vipimo, na hesabu iwe ya mwisho kutiliwa shaka. Wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunabadilisha mstari wa lengo, yaani umbo la grafu tunalotaka programu ilifikie, na idadi ya vichujio, yaani hesabu zinazokata au kuongeza sehemu fulani ya sauti, kumbe waya wa spika ya kulia umepinduliwa tangu siku ya kwanza.

Tuchukue sebule moja, tukae nayo jioni nzima. Urefu mita 5, upana mita 4, dari mita 2.8. Kuta ni za matofali ya saruji yaliyopigwa plasta, sakafu ni vigae, madirisha ni vioo na nondo. Televisheni iko kwenye ukuta mrefu, spika kushoto na kulia kwake, na kochi limeegemea ukuta wa mkabala. Wengi mnaishi ndani ya sebule hii.

Joto likiwa nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Chukua upana wa mita 4, uzidishe mara mbili upate 8, kisha gawanya 349 kwa 8. Unapata hezi 43.6, yaani mitetemo 43.6 kwa sekunde; idadi hiyo ya mitetemo ndiyo tunayoiita masafa. Katika masafa hayo wimbi linatoka kwenye ukuta wa spika, linagonga ukuta wa kochi, linarudi, na linakutana na wimbi jipya likielekea upande uleule, kwa hiyo yanajumlishana. Wapiga besi mliomo humu mnajua hezi 43.6 ni noti gani: ni F ya chini kabisa kwenye gitaa la besi la nyuzi nne, hatua moja tu juu ya waya mzito ukipigwa mtupu. Mara mbili yake ni hezi 87, ambayo ni F inayofuata juu, na chumba kinaishikilia nayo pia. Ndiyo maana unapopiga rumba, mstari wa besi unatembea vizuri, halafu ghafla noti moja inajaa nyumba nzima, vioo vinatetemeka, na noti inayofuata inarudi kwenye kiasi chake. Mpiga gitaa hakubadilisha nguvu ya kidole. Chumba ndicho kilichoongeza.

Kwa hesabu hiyohiyo urefu wa mita 5 unatoa hezi 35, ambazo ziko chini ya gitaa la besi lakini zimo kwenye ngoma za kompyuta za siku hizi. Dari linatoa hezi 62. Basi, kabla hujafungua programu yoyote, chukua futi kamba upime chumba chako na uandike namba hizi kwenye karatasi. Ndizo utakazozitafuta kwenye grafu. Grafu ikionyesha vilele mahali pengine kabisa, jiulize kwanza kama kipimo chenyewe kina makosa.

Hapa niseme jambo kuhusu maelekezo tunayosoma. Mengi yameandikwa na watu wa Marekani wanaoishi kwenye nyumba za fremu za mbao na bodi za jasi. Ukuta wa namna hiyo unanepa, na ukinepa unakula sehemu ya besi. Ukuta wetu wa saruji haunepi, na karibu besi yote uliyouletea inarudi ndani. Kwa hiyo msishangae vilele vyenu vikiwa virefu kuliko vya kwenye picha zao. Kwa upande mwingine, sisi tunasikiliza madirisha yakiwa wazi, na dirisha lililo wazi ni njia ya besi kutokea nje. Ukipima umefunga kila kitu kwa kuogopa kelele za mtaani, kisha ukasikiliza umefungua, umerekebisha chumba ambacho hukikalii. Pima katika hali unayosikilizia. Kama mchana unafungua na usiku unafunga, tengeneza mafaili mawili.

Lazima pia tujue mpaka wa kazi hii. Manfred Schroeder, mwanafizikia Mjerumani, alieleza mwaka 1954 kwamba kila chumba kina masafa ya mpaka. Chini yake mawimbi ni machache na kila moja linasikika peke yake. Juu yake yanajazana mpaka hakuna linalotambulika. Mwaka 1962 yeye na Heinrich Kuttruff waliushusha mpaka huo hadi nusu, na kanuni tunayotumia leo ni hii: gawanya muda wa mwangwi kwa ujazo wa chumba, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2000. Sebule yetu ina mita za ujazo 56. Ikiwa tupu, mwangwi ukichukua sekunde 0.8 kufa, mpaka uko kwenye hezi 240 hivi. Weka zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa, mwangwi ushuke hadi sekunde 0.4, na mpaka unashuka karibu na hezi 170. Chini ya hapo, chumba ndicho kinachotawala na kompyuta inaweza kukusaidia sana. Juu ya hapo, unachosikia kwanza ni spika yenyewe, na Floyd Toole, aliyefanya utafiti huu kwa miaka mingi kule Kanada, ameonya tena na tena kwamba maiki iliyosimama kwenye kiti haiwezi kutenganisha sauti iliyotoka moja kwa moja na ile iliyorudi ukutani namna masikio mawili na ubongo vinavyotenganisha. Ukisahihisha huko juu kwa kufuata kila kijibonde cha grafu, unaharibu spika nzuri kwa ajili ya kosa ambalo sikio halikuliona.

Tuje kwenye kutafuta kasoro.

La kwanza ni ulinganisho wa haki. Kichujio kizuri hufanya kazi kwa kukata, na ukikata, sauti yote inashuka. Sikio likipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kwa desibeli moja tu, kipimo cha ukubwa wa sauti, litachagua iliyo juu na kusema ina uhai zaidi. Malalamiko mengi ya kwamba muziki umekufa yanaishia hapa. Piga kelele ya kupimia ya masafa ya kati, soma kiwango chake kichujio kikiwa kimezimwa, kisha ukiwashe na kupandisha sauti mpaka namba zilingane. Baada ya hapo ndipo uwashe na kuzima ukisikiliza. Bila hatua hii maoni yako hayana uzito, hata kama una masikio ya dhahabu.

La pili ni kichujio kitupu. Kompyuta huandika sauti kama mfululizo wa namba, na kila namba huitwa sampuli. Tengeneza faili ambalo sampuli yake ya kwanza ni moja na zote zinazofuata ni sifuri. Faili hilo halipaswi kufanya chochote: kinachoingia ndicho kinachotoka. Liweke mahali pa kichujio chako na usikilize. Sauti ikibadilika, ikikwaruza, ikikatika au ikihamia upande mmoja, basi shida haiko kwenye maiki wala kwenye hesabu. Iko kwenye njia ya sauti, na hakuna kipimo kipya kitakachoiponya. Nawaomba sana mlijaribu hili. Ni dakika chache, na huokoa wikendi nzima.

Njia ya sauti ina kasoro zinazojirudia. Waya zilizopinduliwa ndizo za kwanza. Spika moja ikiwa na chanya mahali pa hasi, inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na besi za pande mbili zinauana. Hatari yake ni kwamba programu inapima spika moja moja, na grafu ya nguvu ya spika iliyopinduliwa haina tofauti na ya spika iliyo sawa. Utaona grafu mbili nzuri na utasikia besi mbovu. Zima vichujio vyote, piga wimbo wenye besi na mwimbaji wa katikati, kisha geuza waya za spika moja tu. Hali inayoleta besi nyingi na kumsimamisha mwimbaji katikati ndiyo sahihi.

Kisha hakikisha kichujio cha kushoto kinafanya kazi kushoto. Weka upande wa kushoto kichujio cha makusudi kinachokata kila kitu juu ya hezi 1000, usikilize ni spika gani imezibwa. Vichujio vilivyobadilishana pande huleta malalamiko ya ajabu: kila spika peke yake inasikika vibaya kidogo, na zote mbili pamoja hazina katikati.

Halafu marekebisho yanayopandana. Amplifaya ina kitufe cha kuongeza besi kwenye sauti ya chini, televisheni ina hali ya sinema, Windows ina maboresho yake ya sauti, na amplifaya nyingine zina marekebisho yake ya chumba yaliyowashwa na mtoto bila mtu kujua. Kama moja lilikuwa limezimwa wakati wa kupima na limewashwa wakati wa kusikiliza, hesabu yako yote imejengwa juu ya mfumo mwingine. Kwenye kompyuta angalia na upande wa maiki pia, maana mfumo unaopunguza kelele kwa ajili ya simu za video utauona mlio wako wa kupima kuwa ni kelele na kuukata.

Sasa nifike kwenye kasoro inayosumbua kuliko zote, na naomba nikae nayo kidogo. Ni kiwango cha sampuli. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde. Sauti ya video kwa kawaida ina 48,000. Kichujio kilichohifadhiwa kama faili la sampuli hakijui hezi. Kinajua hesabu ya sampuli tu. Ukikitengeneza kwa 44,100 kisha mfumo ukakiendesha kwa 48,000, kila kitu ndani yake kinapanda kwa karibu asilimia 9. Tazama kinachotokea kwenye sebule yetu: kata uliyoiweka kwenye hezi 43.6 inahamia hezi 47.5. F inaendelea kuvuma kama kawaida, na noti za F kali na G, ambazo hazikuwa na kosa lolote, zinazama. Umetengeneza tatizo la pili na la kwanza liko palepale.

Dalili yake ni hii: CD inasikika vizuri na video inasikika vibaya, au kinyume chake. Nimeiona nyumba ambayo mwenyewe aliamini kwamba muziki wa kwenye intaneti ndio mbovu, kwa sababu mafaili aliyonakili kutoka kwenye CD zake yalikuwa safi. Muziki ulikuwa salama. Kichujio chake kilikuwa na toleo moja tu. Mtego unazidi kuwa mkubwa kwa sababu maiki tunayotumia wengi, UMIK-1 ya miniDSP, inafanya kazi kwa 48,000 pekee, kwa hiyo vipimo vinafanyika kwa 48,000 na mtu anatoa kichujio kwa kiwango hichohicho bila kufikiri, huku maktaba yake yote ni ya 44,100. Programu nyingine zikikuta viwango havilingani zinakataa kimyakimya, na unabaki ukisikiliza bila kichujio chochote huku skrini ikisema kimewashwa. Dawa ni mbili: toa matoleo ya kichujio kwa kila kiwango unachotumia na programu ichague yenyewe, au lazimisha sauti yote ibadilishwe kuwa kiwango kimoja kabla haijafika kwenye kichujio. Vichujio vya namba, vile unavyoandika masafa, desibeli na upana, havina shida hii, kwa sababu programu inavikokotoa upya kulingana na kiwango kilichopo. Kwa anayeanza, nashauri aanze na hivyo.

Na sauti kupasuka. Kwenye kompyuta dari la sauti ni sifuri, hakuna cha juu yake, na nyimbo nyingi za leo zimerekodiwa zikigusa dari hilo. Kichujio chako kikiongeza desibeli 6 mahali popote, shusha sauti ya mwanzo desibeli 6 kabla ya kichujio. Mkwaruzo unaosikika kwenye mapigo makubwa tu, na unaotoweka ukizima kichujio, ndio huu.

Njia ikiwa safi, tunakwenda kwenye vipimo.

Kila maiki nzuri ya kupimia inakuja na faili lake la usahihisho, linalopatikana kwa namba ya maiki hiyo, si ya jirani. UMIK-1 ina mafaili mawili: moja la maiki ikielekea spika, jingine la maiki ikielekea dari. Ukitumia la dari huku maiki inatazama spika, masafa ya juu yatasomwa kwa kosa na programu itayasahihisha kwa kosa hilohilo. Ukipata sauti kali inayochoma masikio baada ya kurekebisha, angalia hapa kwanza. Maiki ya simu muiache. Imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, na simu nyingi hukata besi kwa makusudi.

Zima pangaboi, kiyoyozi na friji kama iko karibu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake unajitokeza kwenye 50, 100 na 150, katikati kabisa ya eneo unalotaka kulisoma. Kama kelele za mtaani haziishi, refusha mlio wa kupimia. Njia tunayotumia sasa, ya mlio mmoja unaopanda kutoka besi hadi sauti nyembamba, Angelo Farina wa Italia aliieleza kwenye mkutano wa wahandisi wa sauti mjini Paris mwaka 2000. Uzuri wake ni kwamba kila ukizidisha urefu wa mlio mara mbili, unapata desibeli 3 zaidi juu ya kelele. Ni afadhali kurefusha mlio kuliko kupandisha sauti na kuunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Programu ya kupimia ya Room EQ Wizard, ya John Mulcahy, ambayo inapatikana bure, inakuruhusu kuchagua urefu huo.

Maiki isimame kwenye stendi pale kichwa kinapokaa, kwa urefu wa masikio, si kulazwa juu ya mgongo wa kochi. Usipime sehemu moja tu. Pima katikati, sogeza kushoto na kulia, mbele na nyuma kidogo, upate wastani. Kinachoonekana kwenye vipimo vyote ni cha chumba. Kinachoonekana kwenye kimoja na kupotea maiki ikisogea kiganja kimoja usikiguse kabisa.

Kisha muda. Maiki ya USB ina saa yake ndani, na kadi ya sauti inayolisha spika ina saa nyingine. Saa mbili haziendi sawasawa, kwa hiyo programu ikikwambia spika ya kushoto iko mbali zaidi kwa mita moja, usiiamini kabla ya kupima kwa futi kamba. Mita moja ni takriban milisekunde 2.9. Room EQ Wizard ina mlio mfupi wa kumbukumbu unaopigwa kutoka spika moja kila mara ili muda ulinganishwe humo, uwashe.

Sasa ndipo tunaruhusiwa kuigusa hesabu, na hapa nina jambo moja ambalo nalishikilia kwa nguvu: mashimo hayajazwi.

Rudini kwenye sebule yetu. Kochi likiwa ukutani, F inavuma. Mtu anasoma ushauri, analivuta kochi hadi katikati ya chumba, mita 2 kutoka ukuta wa spika na mita 2 kutoka ukuta wa nyuma. F ya chini inatoweka kabisa. Anapima, anaona shimo kwenye hezi 43.6, anaiambia programu iongeze desibeli 10. Desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Amplifaya iliyokuwa inatoa wati 5 sasa inadaiwa wati 50, wufa, ile spika kubwa ya besi, inatoka mahali pake, na bado shimo liko palepale. Sababu yake ni kwamba pale katikati mawimbi mawili yanakutana yakivutana kinyume. Ukiongeza nguvu ya moja, umeongeza na ya mwenzake. Wakati huohuo, watu waliokaa kando ya ukuta wanapigwa na F mara kumi ya ile ya mwanzo. Programu nyingi nzuri, kama Dirac Live ya Uswidi, zina tahadhari dhidi ya hili, lakini mwenye kuweka vichujio kwa mkono hana wa kumzuia. Kwa hiyo kata vilele, na shimo lijibiwe kwa kusogeza kiti au spika. Kwenye sebule hii, kulitoa kochi ukutani nusu mita tu kunashusha F ya juu, ile ya hezi 87, kwa takriban desibeli 3 ukihesabu wimbi hilo peke yake, bila shilingi moja wala programu.

Kuna na shimo linalotokana na spika yenyewe kuwa karibu na ukuta wa nyuma yake. Gawanya 349 kwa mara nne ya umbali. Wufa iliyo mita moja kutoka ukutani inapata shimo karibu na hezi 87. Iliyo sentimita 70, karibu na 125. Ukiona shimo linalohama unaposogeza spika, umeshalitambua. Isukume spika karibu zaidi na ukuta, shimo lipande mpaka masafa ambayo wufa haipeleki tena sauti nyingi nyuma, kisha besi iliyozidi kwa sababu ya ukuta ikatwe kwa kichujio. Kukata kunawezekana siku zote.

Mstari wa lengo nao huwaangusha watu. Grafu iliyonyooka kabisa kwenye kiti inasikika nyembamba na kali. Spika nzuri ikiwekwa chumbani, grafu yake kitini huteremka yenyewe taratibu kutoka besi kwenda juu, kwa kuwa besi inatawanyika pande zote na sauti za juu zinaelekea mbele na kuliwa na mapazia. Ukilazimisha mstari unyooke, umepandisha twita kuliko mtengenezaji alivyokusudia. Mwaka 2009 Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walichapisha jaribio la kulinganisha mifumo ya kurekebisha chumba. Wasikilizaji walipendelea ile iliyoteremka taratibu, na kulikuwa na mfumo uliopata alama za chini kuliko chumba kilichoachwa bila kuguswa. Kwa hiyo anayesema marekebisho yameharibu muziki wake huenda anasema kweli tupu. Ateremshe mstari, au afanye ninachokifanya mimi: akomeshe marekebisho kwenye mpaka wa Schroeder na kuiacha spika iseme yenyewe juu ya hapo.

Kwa wanaotumia vichujio vya sampuli nyingi, mambo mawili ya haraka. Kichujio cha sampuli 4,096 kwa kiwango cha CD kinaona hatua za karibu hezi 11. Kutoka E hadi G kwenye gitaa la besi hazifiki hezi 8, basi hakiwezi kuitenga F na majirani zake. Kwa besi tumia 65,536. Lakini kichujio kirefu hivyo, kikiwa cha aina inayolinda muda wa mawimbi yote kwa usawa, kinachelewesha sauti robo tatu ya sekunde, na kwenye televisheni midomo itatangulia maneno. Kwa kutazama sinema tengeneza cha aina ya pili, kisichochelewesha. Na ukisikia kama mnong'ono unaotangulia kabla ya pigo la ngoma, hiyo ndiyo aina ya kwanza ikiwa imesahihisha kupita kiasi.

Sabufa, yaani spika ya besi ya chini peke yake, sitaigusa sana leo, inahitaji jioni yake. Niseme tu kwamba iunganishwe vizuri na spika kwanza, kwa muda na kwa upande wa waya, ndipo chumba kirekebishwe. Ukirekebisha chumba juu ya maungio mabovu utabaki na maungio mabovu.

Kazi ikishakamilika, pima tena vichujio vikiwa vimewashwa, kupitia programu ileile unayosikilizia muziki, si kupitia ile ya kupimia. Weka grafu hii juu ya ile iliyotabiriwa. Chini ya hezi 200 zinapaswa kukaribiana sana. Zikiachana kwa kuhamia upande mmoja zote, rudi kwenye kiwango cha sampuli. Zikiachana kwenye spika moja tu, rudi kwenye pande. Zikilingana na bado F inavuma, piga ngazi ya besi noti kwa noti, simama, tembea chumbani, na utafute kinachotetemeka: mlango wa kabati, kioo, fremu ya picha. Vitu hivyo vinalia kwa noti yao, na kuvishika kwa mkono kunatosha kukujulisha.

Nimeleta maiki na stendi, na kompyuta iko wazi pale mbele. Waliokuja na vipimo vyao, waje navyo, tuanze na aliye mbali na nyumbani.